Kosa la Mkubwa Hungoja Kauli ya Mkubwa

Kila zinapokaribia chaguzi za vyama vya msingi vya wakulima wa korosho hapa Mtwara, husikika hotuba na semina zinazowahimiza viongozi wawe tayari kukiri makosa yao, na sababu inayotolewa karibu kila mara ni kwamba kiongozi anayekiri huheshimiwa zaidi na wale anaowaongoza. Wito wenyewe nauunga mkono, lakini sababu hiyo siiamini sana. Nimeona waliokiri wakaheshimiwa, na nimeona waliokiri wakang'olewa kabla msimu haujaisha; nimeona pia walioficha wakazeeka na vyeo vyao, wakazikwa kwa heshima zote na wasifu mrefu uliosomwa makaburini. Kama faida ya kukiri ingekuwa ni heshima ya kiongozi peke yake, basi jambo hili lingekuwa hiari yake, kama mtu anavyochagua kwenda msikitini na kanzu au na suruali, na sisi wengine tusingekuwa na sababu ya kumdai.

Sababu ninayoiona mimi ni ya utendaji zaidi kuliko ya maadili. Katika mfumo wowote wenye ngazi, uwe chama cha ushirika, halmashauri, shule au wizara, kosa lililoamriwa na aliye juu haliwezi kurekebishwa na aliye chini mpaka yule wa juu alitaje kuwa ni kosa. Karani anaweza kuliona, bwana shamba anaweza kuliandikia ripoti, wanakijiji wanaweza hata kulitungia wimbo wa ngoma, lakini hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka ya kuacha kulitekeleza. Wataendelea kulitekeleza huku wakijua, watajaza fomu zinazoonyesha kwamba mambo yanakwenda vizuri, na gharama yake itapanda siku hadi siku. Anayelipa gharama hiyo, mara nyingi, si yule aliyekosea.

Sisi wa Kusini hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na Serikali yake ya chama cha Labour ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, katika eneo lililolengwa kuzidi ekari milioni 3, huko Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Kwa ajili ya mashamba ya Nachingwea ilijengwa reli mpaka pwani, na Mtwara ikapangiwa bandari yenye gati la kina kirefu. Waliotangulia kufika Kongwa mwaka 1947 waliyaona matatizo mapema: udongo wake ukikauka huwa mgumu na hula majembe ya trekta, mvua zake hazitabiriki, na mizizi ya vichaka vyake ilivunja mitambo ambayo mingi ilikuwa masalia ya vita. Habari hizo hazikukosa njia ya kufika London. Kilichokosekana ni mtu wa juu wa kuzipokea kama habari za kosa, kwa sababu waziri mhusika, John Strachey, alikuwa amekwisha kuutetea mpango huo bungeni kiasi kwamba kila ripoti mbaya ilibidi igeuzwe kuwa changamoto ya muda.

Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango uliachwa rasmi, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Strachey mwenyewe alikuwa amehamishiwa Wizara ya Vita tangu 1950, jambo linaloonyesha kwamba desturi ya kumhamisha mkubwa badala ya kulitaja kosa lake haikuanzia kwetu. Reli ya Nachingwea ilikosa mizigo, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ilibaki, nami siilalamikii, maana ndiyo inayosafirisha korosho zetu leo. Lakini mtu yeyote anayepita barabara ya kwenda Nachingwea na kuwauliza wazee reli ilipita wapi anaweza kujipimia mwenyewe jinsi kazi nyingi inavyoweza kufanywa kwa bidii na watu wengi wanaojua kwamba haifai.

Mfano wa pili unatuuma zaidi kwa sababu haukuletwa na mgeni. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa ikitoka Mtwara na Lindi. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi kwenye tani zipatazo 17,000. Anguko hilo lina sababu kadhaa, na si haki kulibebesha moja tu: bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga uliingia na kuunguza maua, na vitu vya dukani ambavyo mkulima angevinunua kwa fedha ya korosho viliadimika. Hata hivyo, wazee wa Newala na Tandahimba wakisimulia habari za miaka ile huanza na Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, iliyofanyika nchini kati ya 1973 na 1976, na nadhani wana haki ya kuanzia hapo.

Mkorosho haubebeki. Kaya inaweza kuhamishwa pamoja na mikeka, kuku na milango ya nyumba, lakini miti iliyopandwa na baba au babu hubaki ilipo, na mkorosho ni mti unaodai mtu awe karibu. Korosho huanguka chini zikishakomaa na lazima ziokotwe. Chini ya mti lazima pafyekwe na kufagiliwa, la sivyo korosho hupotelea kwenye majani na moto wa msituni unapopita huchukua kila kitu. Mkulima aliyehamishiwa kijiji kilicho mbali na mikorosho yake alilazimika kuchagua kati ya kutembea mwendo mrefu kila siku wakati wa kuokota na kuiacha miti iwe pori. Wengi waliiacha. Hili halikuwa fumbo kwa mtu yeyote aliyekuwa anaishi huku, na hasa si kwa mabwana shamba waliokuwa wakizunguka mashambani, lakini afisa aliyeripoti kwamba operesheni inaua zao la korosho alijiweka katika hatari ya kuitwa mpinga maendeleo.

Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikaachwa mikononi mwa mamlaka za mazao, ikiwamo ile ya korosho. Hapo ndipo kosa la pili lilipolinda la kwanza, kwa kuwa ushirika, pamoja na kasoro zake nyingi, ulikuwa mahali ambapo mkulima aliweza kusimama na kuuliza. Katika miaka hiyohiyo vilijengwa kwa mkopo viwanda vikubwa vya kubangua korosho katika maeneo yetu, kwa matumaini ya mavuno ambayo tayari yalikuwa yanayeyuka, na vingine havikupata hata korosho za kuanzia kazi. Mtu akiuliza inawezekanaje kiwanda kujengwa huku malighafi yake ikipungua kila msimu, jibu langu ni lilelile: ili mpango wa viwanda usimamishwe, ilibidi kwanza mtu wa juu aseme kwamba mavuno yanaanguka, na ili aseme hivyo ilibidi akiri ni kwa nini.

Mwalimu Nyerere alikuja kukiri, na hili tusilifiche. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliandika waziwazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, na kwamba makadirio yake ya mwanzo kuhusu muda utakaohitajika yalikuwa na makosa. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alisema katika mahojiano na jarida moja la nje kwamba kama angeanza upya yapo mambo asingeyarudia, akataja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika, na akaeleza kwamba walikuwa na papara na ujinga. Hakusema kwamba watendaji wa mikoani walimwangusha, ingawa angepata wa kumwamini. Kufikia wakati huo sheria mpya ya ushirika ilikuwa imepitishwa, mwaka 1982, na halmashauri zilikuwa zinarudi kazini.

Napenda sana jinsi kosa hilo lilivyotajwa kwa jina lake, lakini sitaki tushangilie mpaka tusahau kalenda. Kutoka 1976 hadi 1982 ni misimu sita ya korosho. Kukiri kulikochelewa ni bora kuliko kimya, ila mkulima aliyepoteza shamba katika msimu wa pili hakulipata tena kwa sababu ya maneno mazuri yaliyosemwa baada ya ule wa sita. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba thamani ya kukiri iko zaidi katika wakati wake kuliko katika unyenyekevu wa anayekiri.

Upo pia mfano wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, ambaye mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kufuatia vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ingawa hakuwa yeye aliyetenda. Hilo lilikuwa kuwajibika, si kukiri kosa la mkono wake, nasi huchanganya mambo hayo mawili. Anayewajibika anabeba dhamana ya ofisi. Anayekiri anaeleza alichokiamua na mahali alipopotoka. Mtu anaweza kujiuzulu bila kueleza lolote, na ofisi ikabaki na ugonjwa uleule.

Sasa nirudi kwenye ngazi ya chini, ambako mambo haya yanaonekana bila darubini. Katika chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja, kwenye wilaya moja ya mkoa huu, malipo ya mnada wa pili yaliingia benki yakiwa yamevurugika. Wasomaji wa huku wanajua utaratibu: mkulima hupeleka korosho chamani, hupimiwa, hupewa stakabadhi, mzigo huenda ghala kuu, hupigwa mnada, na fedha huingia kwenye akaunti yake baada ya makato. Wanajua pia kwamba majina yetu yanafanana mno, kiasi kwamba kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu kadhaa wanaofanana hadi jina la babu. Orodha iliyopelekwa benki ilikuwa imebadilisha kilo za watu wa vitongoji viwili wenye majina yanayofanana, hivyo aliyepeleka magunia kadhaa akalipwa za aliyepeleka kiroba, na mwenye kiroba akaamka tajiri.

Mkutano uliitishwa chini ya mwembe ulio kando ya ofisi ya chama. Watu walifika na stakabadhi zao zimekunjwa ndani ya mifuko ya plastiki, wengine wakiwa wamekwisha kupandisha sauti kabla ya kuketi. Mwenyekiti, mtu mzima wa makamo aliyevaa baraghashia, alisimama kabla agenda hazijasomwa na kusema maneno ambayo nayakumbuka vizuri: "Ndugu wanachama, orodha ile niliipeleka mimi. Karani aliniomba tuilinganishe na stakabadhi kwanza, nikamwambia tutachelewa, wenzetu watatangulia kulipwa. Haikulinganishwa kwa amri yangu. Waliopunjwa ni hawa, na waliozidishiwa ni hawa." Akasoma majina yote na kilo zake.

Kelele zilipungua, lakini hazikwisha. Bibi mmoja aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akamuuliza: "Mjukuu wangu, mimi fedha haikuingia, na mtoto alitakiwa shule. Korosho nilizobakiza nikazipima kwa kangomba, kwa bei ya kutupa. Hiyo nayo nani atanilipa?" (Kangomba ni ununuzi wa walanguzi, nje ya utaratibu wa chama.) Mwenyekiti alimjibu kwamba hilo hawezi kumwahidi, kwamba chama hakina fungu la kulipia hasara ya kangomba, na kwamba ataliandika kwenye muhtasari ili bodi ilijadili. Lilikuwa jibu dogo kwa swali kubwa. Nililiheshimu kuliko ahadi, maana ahadi za mkutanoni tunazo za kutosha, ila sidhani kama bibi yule alishiba nalo, wala sioni kwa nini angeshiba.

Jambo lililonishawishi kuandika makala haya lilitokea kesho yake. Karani, kijana ambaye katika mkutano mzima hakufungua kinywa, alikwenda kwa mwenyekiti na daftari alilokuwa ameliweka nyumbani kwake. Humo alikuwa ameandika, tangu msimu uliotangulia, kila mahali alipoona kilo za mizani ya chama hazilingani na kilo zilizopokelewa ghala kuu, kila jina lililokosewa herufi fedha zikarudi, na kila makato ambayo hakuyaelewa. Hakuwahi kulionyesha kwa sababu, kwa maneno yake, angeonekana anamtafutia mkubwa makosa. Mwenyekiti alipolitaja kosa lake mwenyewe, daftari lile liligeuka ghafla kutoka uchochezi hadi kuwa nyenzo ya kazi. Orodha za minada iliyofuata zililinganishwa na stakabadhi, jina kwa jina, na zikabandikwa ukutani kabla ya kupelekwa benki.

Uchaguzi uliofuata mwenyekiti yule alishindwa. Mshindani wake alimshambulia kwa kauli yake mwenyewe ya chini ya mwembe, akiwauliza wanachama kama wanataka kiongozi aliyethibitisha kwa kinywa chake kwamba alivuruga malipo. Nimeeleza hili kwa makusudi, kwa sababu wale wanaofundisha kwamba kukiri hulipa wanapaswa kulijibu. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini hawakusema watazamaji nao wafanye nini. Sisi, tukimwona amechutama, hucheka. Na yule aliyesimama wima na aibu yake tunamwita jasiri. Tukiendelea hivyo tutakuwa tunawafundisha viongozi wetu kuficha, na tutalipia mafunzo hayo sisi wenyewe kila msimu wa malipo.

Nakubali kwamba si kila kukiri kuna thamani. Kuna kiongozi anayesimama kila mwaka na kusema kwamba kulikuwa na upungufu hapa na pale, anaomba radhi kwa yeyote aliyekwazika, na watu wanapiga makofi bila kujua ameomba radhi ya nini. Yuko anayekiri kosa dogo ili asiulizwe kubwa. Atajilaumu kwa kuchelewesha kikao, na hesabu ya salfa, ile dawa ya ubwiri unga, iliyogawiwa kwa upendeleo haitaguswa. Na yuko, huyu ndiye anayenichosha zaidi, anayekiri makosa ya wasaidizi wake kwa uchungu mkubwa, huku akijiweka yeye miongoni mwa waliokosewa. Kukiri kunakofaa hutaja uamuzi, hutaja aliyeufanya, hutaja walioumia, na husema ni nini kitabadilika kabla ya mnada ujao. Bila mambo hayo, karani atabaki na daftari lake nyumbani.

Lazima pia tutofautishe kosa na wizi. Wapo wanaoogopa kwamba tukianza kuwasamehe wanaokiri, waliokula fedha za wakulima watakuja na machozi na kuondoka huru. Hofu hiyo ina msingi, maana katika ushirika wetu maneno ya "binadamu huteleza" yamefunika mambo mengi yasiyokuwa ya kuteleza. Lakini dawa yake inajulikana. Wizi una mkaguzi, una polisi na una mahakama, na kukiri hakuuondolei hata kimoja kati ya hivyo. Kosa la uamuzi, lile la kuharakisha orodha, kuchagua msafirishaji asiyefaa au kuagiza pembejeo kwa kuchelewa, lina dawa nyingine, nayo ni kutajwa mapema mbele ya wale linaowahusu. Tunapoyaadhibu yote mawili kwa adhabu moja, mwenye kosa hujifunza tabia za mwizi: huchana karatasi, huhamisha hesabu, na humtafuta mdogo wa kumwangushia.

Katika mkutano mkuu ujao wa chama ninachohusika nacho nitapendekeza agenda moja ya kudumu iwekwe kabla ya taarifa ya mapato, ambapo mwenyekiti atasoma maamuzi ya bodi ya msimu uliopita ambayo hayakwenda kama yalivyokusudiwa, kila moja na gharama yake, na karani atakuwa na haki ya kuongeza yaliyosahaulika bila kuombewa ruhusa. Yatakayosomwa yataingia kwenye muhtasari na nakala itabandikwa ukutani pamoja na orodha ya malipo. Rafiki yangu mmoja, aliyewahi kuwa mjumbe wa bodi, ameniambia kwamba agenda ya namna hiyo itawakimbiza wagombea wazuri, kwa kuwa hakuna atakayetaka kusimama kila mwaka na kujisomea mashtaka. Nimemjibu kwamba mgombea atakayekimbia kwa sababu hiyo atakuwa ametupunguzia kazi ya kumpigia kura, naye amesema atalipinga pendekezo langu mkutanoni. Nimemwomba aje na hoja zake zimeandikwa.